MAJIVU YA MIWA YAWEZA KUJENGA NYUMBA
Mazungumzo juu ya takataka za viwanda na kazi ya zege katika Kakamega



Msafiri atokaye mjini Kakamega kwenda Malava, wakati viwanda vya sukari vinaposaga, hukutana na matrekta mengi yaliyojaa miwa, na mbele yake huona moshi ukipanda juu ya mashamba. Kila mkulima ajua miwa ile iendako. Itapimwa katika mizani, itakatwakatwa na kukamuliwa, na maji yake yatapikwa mpaka yawe sukari. Lakini ni watu wachache waulizao habari za makapi yanayobaki baada ya maji kutoka, na ni wachache zaidi waulizao habari za majivu ya makapi hayo.

Makapi hayatupwi. Hutiwa katika tanuri za boila, yakachemsha maji, na mvuke wake ukaendesha mitambo ya kiwanda na hata kufua umeme. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kutoa sukari mwaka 1973, kilizindua mwaka 2009 mtambo mkubwa wa umeme wa makapi, kikawa na mkataba wa kuiuzia kampuni ya umeme ya nchi megawati 26. Kampuni ya Mumias ilipatwa na madeni, na mwezi wa Septemba 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Lakini somo lililoachwa na mtambo ule halikufa: kitu kilichohesabiwa kuwa taka kiliwasha taa za watu.

Moto ukiisha kula makapi, majivu hubaki chini ya tanuri na ndani ya mabomba ya moshi. Mengi humwagwa mashimoni au katika viwanja vya nyuma ya viwanda, ambako upepo huyapeperusha na mvua huyachukua hadi mitoni. Katika majivu hayo mna kitu ambacho mafundi wa ujenzi hukinunua kwa fedha nyingi kikiwa ndani ya mfuko wa saruji. Kitu hicho kwa jina la kitaalamu huitwa silika.

HESABU YA MAJIVU

Yafaa kwanza kujua wingi wa jambo lenyewe. Katika kila tani 100 za miwa hupatikana makapi mabichi karibu tani 26 hadi 30, na nusu ya uzito huo ni maji. Makapi hayo yakichomwa, majivu yanayobaki ni kama kilo 600 tu. Mtu aweza kudhani kwamba hicho ni kitu kidogo. Lakini kiwanda kinachosaga tani 3,000 za miwa kwa siku hupata kwa hesabu hiyo majivu tani 18 kila siku, uzito wa mifuko 360 ya saruji ya kilo 50. Na katika Kakamega kiwanda si kimoja, kwa maana Kabras na Butali viko upande wa Malava. Haba na haba hujaza kibaba.

Nayo saruji haipatikani ardhini mwa Kakamega. Udongo wa huko ni mwekundu na wenye rutuba, na mvua yake ni nyingi, yapata milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mawe ya chokaa ya kuchomea saruji hayapo. Kwa muda mrefu mifuko imesafirishwa kutoka viwanda vya mbali kama vya Athi River na Mombasa, na kila maili ya safari huongeza senti katika bei. Mwalimu anayejenga chumba kimoja kila mwaka, au mama mwenye duka anayetaka sakafu isiyotoa vumbi, ndiye alipaye nauli hiyo.

KWA NINI MAJIVU YAGEUKE KUWA GUNDI

Katika kiwanda cha saruji, mawe ya chokaa na udongo huchomwa katika tanuri lenye joto la digrii 1,450 hivi. Jiwe la chokaa likichomwa hupoteza hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake: kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya kaboni. Kinachotoka tanurini huitwa klinka, nayo husagwa ikawa unga wa saruji. Kwa sababu ya hewa hiyo ya mawe, pamoja na moshi wa makaa yanayochomwa, kazi ya saruji duniani inakadiriwa kutoa kama sehemu 8 katika kila sehemu 100 za hewa ya kaboni itokanayo na shughuli za wanadamu. Kwa hiyo kila kilo ya klinka inayopunguzwa ni faida kwa mfuko wa mjenzi na kwa hali ya hewa pia.

Saruji ikikutana na maji hufanya vitu viwili. Kwanza hufanya gundi ngumu inayoshika mchanga na kokoto pamoja. Pili huacha chokaa ya ziada, ambayo haina nguvu kubwa ya kushika. Hapo ndipo majivu yaingiapo kazini. Silika iliyomo katika majivu laini huikamata chokaa ile ya ziada, na kwa msaada wa maji hugeuka kuwa gundi nyingine kama ile ya kwanza. Chokaa iliyokuwa ikikaa bure sasa inafanya kazi, na vitundu vidogo vilivyomo ndani ya zege huzibwa, hata maji yasipenye kwa urahisi.

Jambo hili si geni. Waroma wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano yaliyochimbwa karibu na mji wa Pozzuoli katika Italia, na kwa jina la mji huo vitu vyote vya namna hii huitwa pozolana hata leo. Hekalu lao la Pantheon mjini Roma, lenye kuba kubwa la zege, limesimama karibu miaka 1,900. Hata pwani ya Afrika Mashariki waashi wa Kilwa walijenga msikiti mkuu wenye makuba kwa mawe ya matumbawe na chokaa, karne nyingi kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujaonekana katika pwani hii.

Katika Marekani, bwawa kubwa la Hungry Horse, lililojengwa kati ya mwaka 1948 na 1953, lilitumia majivu ya makaa ya mawe mahali pa sehemu ya saruji. Nchi nyingine hutumia mavi ya chuma yatokayo katika tanuri kubwa za kuyeyushia madini. Kenya haina kituo kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe. Leseni ya mazingira ya kile kilichokusudiwa kujengwa Lamu ilifutwa na baraza la rufani la mazingira mwezi wa Juni 2019. Basi mtu wa magharibi mwa Kenya asitamani majivu ya Wamarekani. Ayatazame yale yaliyo karibu na shamba lake.

SI KILA JIVU LAFAA

Hapa yapasa kusema maneno ya kuonya, kwa sababu nyumba njema si mlango. Ukuta waweza kupakwa rangi ya kupendeza na ndani yake kuwa dhaifu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka katika mtaa wa Huruma mjini Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha yao. Watu waliolala ndani hawakuwa na njia ya kujua nguvu ya zege lililokuwa juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo anayesema juu ya kupunguza saruji anasema juu ya roho za watu, wala haifai kuchukulia jambo hili kwa wepesi.

Jambo la kwanza ni moto. Makapi yakichomwa kwa joto la kadiri, kati ya digrii 600 na 800 hivi, silika yake hubaki katika hali ya kuweza kushikana na chokaa. Moto ukizidi sana kwa muda mrefu, silika hugeuka kuwa kama mchanga mgumu, na haifanyi kazi tena isipokuwa kujaza nafasi. Moto ukipungua, makaa meusi hubaki ndani ya majivu, nayo hunywa maji ya zege na kulidhoofisha. Majivu meusi sana ni dalili mbaya. Yale ya kijivu au meupe kidogo yana tumaini zaidi. Lakini rangi peke yake si ushahidi. Maabara hupima kwa kuyachoma majivu tena na kuangalia uzito uliopotea.

Jambo la pili ni kusaga. Majivu yatokayo tanurini yana chembe kubwa, na ndani yake mna mchanga uliokuja na miwa kutoka shambani. Lazima yachekechwe na kusagwa mpaka yawe laini kama saruji yenyewe. Majivu yasiyosagwa yakitiwa katika zege ni sawa na kuongeza vumbi. Na wafanyao kazi hiyo wafunike pua na mdomo, kwa maana vumbi la silika ni adui wa mapafu.

Jambo la tatu ni kipimo. Majaribio mengi yaliyofanywa katika nchi zilimazo miwa yameonyesha kwamba majivu mazuri yaweza kushika mahali pa sehemu 10 katika kila 100 za saruji, na pengine kufika 20, bila kupoteza nguvu inayotakiwa. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, sehemu 10 katika 100 ni kilo 5 tu. Majivu yakizidishwa, nguvu hushuka, na chokaa inayolinda nondo zisipate kutu hupungua.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Mifuko mingi ya saruji inayouzwa madukani Kenya imekwisha kuchanganywa na pozolana ya volkano kiwandani. Mnunuzi na asome maandishi ya mfuko. Palipoandikwa CEM I, karibu saruji yote ni klinka. Palipoandikwa CEM IV, kuna pozolana ndani, na katika aina ya IV/B yaweza kuwa zaidi ya theluthi ya mfuko mzima. Fundi anayeongeza majivu yake mwenyewe juu ya saruji ya namna hiyo huipunguza mara ya pili bila kujua, naye anamwibia mwenye nyumba hata kama nia yake ni njema. Namba kama 32.5 au 42.5 nayo ina maana: ni nguvu ya saruji hiyo baada ya siku 28, ikihesabiwa kwa nyutoni katika kila milimita ya mraba.

Kwa sababu hizo, mahali pa kuchanganya majivu na saruji ni kiwandani, chini ya macho ya wapimaji na kwa kufuata kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Si nyuma ya nyumba kwa kutumia koleo na debe. Nguzo, mihimili na sakafu za ghorofa zijengwe kwa saruji yenye alama ya ubora na kwa shauri la mhandisi. Majaribio ya kijijini yaanzie kwenye vitu visivyohatarisha maisha, kama matofali ya kutandika njia, mipaka ya bustani, na sakafu za mahali pa kuanikia mahindi.

Na kuna taka nyingine katika Kakamega ambayo haifai kuguswa kabisa bila kupimwa. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini wachimbaji wadogo wameendelea kutafuta dhahabu katika sehemu hizo na katika Ikolomani. Mchanga ulioshughulikiwa kwa zebaki waweza kuonekana safi na mzuri kwa kupigia lipu, hali umebeba sumu. Usipelekwe nyumbani wala shuleni.

SUBIRA NA MAJI

Zege lenye majivu lina tabia yake. Katika siku saba za kwanza huwa nyuma ya zege la kawaida, kwa sababu majivu hungoja chokaa itokee kwanza ndipo yaanze kazi. Baada ya siku 28 hukaribia, na kufikia siku 56 au 90 zege lililotengenezwa vizuri huweza kulipata au kulipita lile la saruji tupu. Basi mwenye haraka ya kuondoa mbao na miti ya kushikilia baada ya siku chache atajiletea hasara. Haraka haraka haina baraka.

Maji nayo ni dawa. Zege la kawaida hutakiwa kunyeshewa na kufunikwa siku 7 kwa uchache. Lile lenye majivu lapewe siku 14. Magunia yaliyolowekwa, nyasi mbichi au karatasi ya nailoni hutosha kulifunika. Katika nchi yenye mvua kama Kakamega kazi hiyo si ngumu, lakini jua la mchana kati ya mvua na mvua laweza kukausha zege changa kwa saa chache.

Namna ya kujua ukweli ni moja. Zege hutiwa katika visanduku vya chuma vya milimita 150 kila upande, huwekwa majini, na michemraba hiyo huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28, na kwa zege la majivu siku ya 56 na 90 pia. Mashine haina upendeleo. Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia, kinachofundisha uhandisi wa ujenzi, na chuo cha ufundi cha Sigalagala hakiko mbali. Vijana wanaofundishwa humo ni watoto wa wakulima wale wale wa miwa, na jivu linalotakiwa kuchunguzwa liko mwendo wa saa moja kwa gari.

ZEGE KUUKUU LISITUPWE

Sehemu ya mwisho ya habari hii ni zege lenyewe likiisha kazi yake. Majengo mengi yalibomolewa Nairobi mwaka 2018 kwa kuwa yalijengwa kando ya mito, na kila mmoja aliona watu wakigombania nondo. Chuma kiliuzwa, na kifusi kikawa mzigo. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili miji ya Ujerumani ilisaga kifusi chake, ikatengeneza matofali na kokoto za kujengea upya.

Zege kuukuu likivunjwa na kuchekechwa huwa kokoto. Lafaa kwa kujaza msingi wa nyumba na tabaka la chini la barabara. Laweza hata kuingia katika zege jipya, likashika mahali pa sehemu 20 hadi 30 katika 100 za kokoto ya mawe, bila kupunguza nguvu sana. Lakini kokoto ya namna hiyo hunywa maji kuliko jiwe, kwa hiyo ilowekwe kwanza, na iwe haina lipu laini, mbao, nailoni wala udongo. Ndiyo maana mjenzi mwenye busara hutenga vifusi vyake mapema. Chuma peke yake, matofali peke yake, zege peke yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitenganishwe na zitumiwe tena inapowezekana, nayo haikubagua taka za ujenzi.

Hivyo duara hukamilika. Muwa hutoa sukari, makapi hutoa moto, majivu hutoa gundi, na ukuta uliochakaa hutoa kokoto ya ukuta mwingine.

NANI AFANYE NINI

Kazi hii haina mtu mmoja wa kuifanya. Wenye viwanda wayatunze majivu yao makavu chini ya paa, mbali na udongo, na watenge yale ya juu ya tanuri na yale ya chini, kwa maana hayafanani. Vyuo viyapime kila msimu, kwa sababu miwa ya shamba hili na ya lile haitoi jivu sawasawa. Kaunti, inapojenga vijia vya waendao kwa miguu na mifereji ya masoko, yaweza kuwa mteja wa kwanza wa matofali yaliyopimwa, hata watu waone kwa macho kabla ya kuamini. Fundi ajifunze kusoma mfuko wa saruji kama asomavyo futi yake. Na mwenye nyumba asione haya kuuliza: saruji hii ni ya namba gani, na zege hili limenyeshewa siku ngapi?

Mkulima naye ana neno lake katika jambo hili. Kwa miaka mingi amelipwa kwa uzito wa miwa tu, na mara nyingi malipo yamechelewa. Iwapo majivu yatakuwa mali, ni haki hesabu ya mali hiyo iwekwe wazi mbele yake, kwa kuwa kilo ile ya silika ilipanda kutoka katika udongo wa shamba lake. Jambo hilo lisiachwe hadi siku ya ugomvi. Lizungumzwe mapema katika vyama vya wakulima, pamoja na bei ya miwa.

Wazee walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Rundo la kijivu nyuma ya kiwanda si zuri kwa kutazama, na pengine watoto wa jirani wamezoea kulichezea. Likipimwa, likasagwa na kutumiwa kwa uaminifu, laweza kuwa sakafu ya darasa lao. Likitumiwa kwa pupa, laweza kuwa hatari yao. Uchaguzi huo umo mikononi mwa watu wa Kakamega wenyewe.